Msomeni Tairi Kabla ya Kumkata Dereva Mshahara

Mazungumzo na madereva, wenye malori na mafundi, Makambako

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Madereva, mafundi, kina mama wenye malori, na nyinyi vijana matingo, wasaidizi wa madereva, mliosimama kule nyuma mkidhani leo mtaitwa kubadili tairi: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie matairi yanayolika upande na malori yanayovuta pembeni. Nitaanza na ugomvi, maana ugomvi ndio unaotuleta gereji. Lori linarudi kutoka Tunduma. Tajiri anazunguka gari lake, anafika tairi la mbele la kulia, anakuta bega la nje, yaani ukingo wa uso wa tairi, limekwisha na katikati kashata, yale meno ya mpira, bado ndefu. Haulizi. "Wewe mlimani Kitonga unakata kona utadhani unafukuzwa!" Dereva anajibu kwamba tairi mlilonunua ni bovu. Fundi pancha anasema ni alaimenti, yaani magurudumu hayakunyooka, na hapo ameshamaliza. Mwisho wa mwezi dereva anakatwa mshahara, lile tairi linasukumwa kwenye trela, jipya linafungwa pale pale, na haipiti muda nalo linaanza kulika bega lile lile.

Katika kesi hiyo shahidi aliyekuwepo njia nzima bila kusinzia ni mmoja tu, tairi lenyewe, na limefichwa kwenye trela kabla halijasema neno. Ombi langu kwenu ni moja. Tairi lisihamishwe, lisiuzwe, wala mtu asikatwe hela, mpaka lisomwe likiwa mahali lilipolikia. Ukilihamisha, umeharibu ushahidi. Wiki mbili kwenye trela zinatosha kufuta alama zote za mbele.

Kusoma kunaanza na chaki. Andika ubavuni: mbele kulia, tarehe, kilomita za kwenye dashi. Kisha pima kina cha mifereji kwa geji ya kina: nje, katikati, ndani. Zungusha gurudumu robo, pima tena. Tairi jipya la mbele huwa na kina cha milimita 14 hadi 16 hivi, kwa hiyo ukikuta nje 5, katikati 11, ndani 12, huna haja ya kubishana na mtu kama limelika upande au la. Geji hiyo ni kitu cha bei ndogo. Asiye nayo achukue njiti ya kiberiti na rula, ataanzia hapo.

Sasa maana ya alama. Mabega yote mawili yamelika na katikati pamebaki: upepo ni mdogo, au mzigo umezidi upepo uliopo, na kwa tairi hayo mawili ni jambo moja. Katikati pamelika na mabega yamebaki: upepo umezidi mzigo. Wanaopeleka mzigo Lubumbashi na kurudi watupu na upepo ule ule wanaiona hii kwenye difu, ile ekseli ya nyuma inayosukuma gari, na kwenye trela. Vishimo vishimo kuzunguka tairi: gurudumu linaruka, tazama shokapu, beringi na balansi. Kipara mahali pamoja: breki. Bega moja tu: hapo ndipo pana maneno, nitakaa hapo muda mrefu zaidi.

Lakini upepo kwanza, kwa sababu nusu ya malori ninayoletewa kwa alaimenti hayana shida ya alaimenti. Tuchukue tairi la 315/80R22.5, ambalo wengi wenu mnalo. Likiwa na alama ya 156/150 ubavuni, namba ya kwanza inasema linabeba kilo 4,000 likifungwa peke yake, ya pili kilo 3,350 likifungwa pacha. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ile ya mwaka 2016 inayotupimisha kwenye mizani ya barabarani kuanzia Vigwaza hadi Mpemba, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani yenye tairi mbili. Zidisheni wenyewe: 4,000 mara mbili. Hakuna kilo hata moja ya akiba. Na hizo kilo 4,000 zinapatikana tu kwa upepo alioandika mtengenezaji, ambao kwa tairi hili ni psi 120 na kidogo. Ukiwa na 95 unaweza kupita mzani kwa amani kabisa, hakuna atakayekusimamisha, lakini tairi limezidiwa kuanzia getini.

Hapo ndipo ninapogombana na nyundo. Kila alfajiri namwona tingo anazunguka gari akipiga tairi, du, du, du, anasema ziko sawa. Nyundo itakuonyesha tairi lililokwisha upepo kabisa. Haiwezi kukutofautishia 120 na 95, na watengenezaji wengi wanalihesabu tairi lililopungukiwa asilimia 20 kuwa limetembea bila upepo: linapata moto, nyuzi za ndani zinachoka, siku moja linapasuka Igawa mnalaumu jua. Nunueni geji ya upepo. Moja kwa kila gari, na ikae na dereva, siyo ofisini kwa tajiri.

Upepo upimwe tairi likiwa baridi. Hapa kwetu alfajiri ni baridi kweli kweli, mnaijua. Ukijaza 120 hapa ukashuka hadi Ruaha Mbuyuni mchana, joto la hewa peke yake, bila hata kuhesabu msuguano, linaongeza psi 4 hadi 5 kwa kila nyuzi 10. Mtu anapima akiwa kule chini anakuta 140, anashtuka, anapunguza. Kesho yake asubuhi tairi hilo lina mia na kidogo. Upepo wa tairi la moto haupunguzwi. Ukiwa na wasiwasi, egesha, kula, lala, upime asubuhi.

Kuhusu tairi pacha nitasema jambo moja, lakini mlishike. Tairi mbili zilizofungwa pamoja zinazunguka pamoja, zipende zisipende. Kama moja ni fupi kuliko mwenzake kwa milimita 6 tu za kipenyo, mzunguko wake unapungua karibu milimita 19. Tairi la ukubwa huu linazunguka mara 300 hivi katika kilomita moja. Kwa hiyo kila kilomita, dogo linaburuzwa zaidi ya mita 5. Dar es Salaam hadi Tunduma ni kilomita kama 930, maana yake limeburuzwa zaidi ya kilomita 5 bila kuzunguka, wakati kubwa linabeba mzigo wa wote wawili na kupata moto. Ukifunga tairi jipya kando ya lililolika nusu kwa kubana matumizi, umeua yote mawili. Na kama yalikuwa sawa ila la ndani halijapimwa upepo tangu lifungwe, kwa kuwa pipa lake, ule mdomo wa kutilia upepo, halifikiki, ni hadithi ile ile. Wekeni mpira wa kurefusha pipa. Ni kitu kidogo mno kusababisha hasara ya namna hiyo.

Haya, bega moja.

Simama mbele ya gurudumu la usukani, weka kiganja juu ya kashata. Kitelezeshe kutoka nje kwenda ndani, kuelekea injini. Kisha kirudishe kutoka ndani kuja nje. Usitumie macho, macho yatakudanganya kwa sababu ya vumbi. Kama kwenda ndani ni laini na kurudi nje kunakwaruza kiganja, tairi hilo limekuwa likitembea pua yake ikielekea ndani. Kama kwenda ndani kunakwaruza na kurudi ni laini, pua yake imekuwa ikielekea nje. Sababu yake ni nyepesi: tairi lisiloelekea kule gari linakokwenda linasuguliwa kiubavu, ukingo mmoja wa kila kashata unalainishwa na wa pili unabaki na makali. Lililoelekea ndani huishia kula bega la nje. Lililoelekea nje hula bega la ndani.

Msidhani panahitajika kosa kubwa. Magurudumu ya mbele yakiwa yamebana upande wa mbele kwa milimita 3 kupita inavyotakiwa, zikipimwa kwenye kipenyo cha tairi cha mita moja hivi, basi kila kilomita mnayotembea tairi hizo mbili zinagawana mita 3 za kusuguliwa kiubavu. Dereva hasikii chochote. Gari linakwenda moja kwa moja, usukani umetulia, kwa sababu la kushoto linasukuma kulia na la kulia linasukuma kushoto, nguvu zinalingana. Ndiyo maana mtu anawaambia "gari langu halivuti, alaimenti iko sawa" na huku tairi zinaisha. Kuvuta na kulika ni mambo mawili. Mara nyingine yanakuja pamoja, mara nyingi kila moja linakuja kivyake.

Sasa nendeni upande wa pili mfanye kiganja vile vile, kwa sababu tairi moja peke yake haliwezi kutoa hukumu. Kama zote mbili zinasema pua ndani, au zote mbili pua nje, shida iko mbele: tairodi, chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya usukani, imepinda, imerekebishwa vibaya, au vichwa vyake vimelegea. Kama moja linasema ndani na jingine nje, yaani la kulia limelika bega la nje na la kushoto limelika bega la ndani, acheni tairodi kabisa. Zote mbili zimekuwa zikielekea upande mmoja, kushoto. Maana yake dereva amekuwa akishikilia usukani kushoto safari nzima. Na mtu hashikilii usukani kushoto mchana kutwa kwa kupenda. Kuna kitu kinalisukuma gari kulia, na mara nyingi kitu hicho kiko nyuma ya kiti chake, kwenye difu.

Niliwahi kuletewa dabo difu, lori la difu mbili, la namna hiyo hasa. Dereva wake alikuwa mtu mzima, mtaratibu, na alikuwa ameshakatwa mshahara kwa tairi za mbele zaidi ya mara moja. Gereji mbili zilikuwa zimeshalipitia, na kila moja ilikuwa imezungusha tairodi. Ya pili iliongeza na ufundi wake: iliung'oa usukani ikaurudisha ukiwa umenyooka, ili dereva asione tena kwamba anaushikilia upande. Hiyo, ndugu zangu, ni kumziba mgonjwa mdomo. Tulipoliegesha gari kwenye sakafu tukapima kutoka kitovu cha gurudumu la difu ya kwanza hadi kitovu cha difu ya pili, kulia na kushoto, upande wa kushoto ulikuwa mrefu kwa zaidi ya sentimita moja. Ile mikono ya chuma inayoshika difu kwenye chesi ina bushi za mpira kila ncha. Bushi ya kushoto chini ilikuwa imekwisha, imebaki unga. Difu ya nyuma ilirudi nyuma upande mmoja, magurudumu yake yakaelekea kushoto, mkia wa gari ukasukumwa kushoto, kichwa kikataka kwenda kulia. Dereva akarudisha usukani kushoto, na tairi za mbele zikalipa.

Tulibadili bushi. Tairodi tukairudisha kwenye kipimo cha kitabu. Nilimwambia tajiri wake mbele ya dereva kwamba hela aliyokata airudishe. Kama aliirudisha ni mambo yao.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu karibu kila fundi ninayemjua, akiona tairi la mbele limelika, anashika spana ya tairodi. Ndiyo iliyo karibu, haihitaji kulala chini kwenye grisi, inachukua nusu saa, na mteja anaona kazi imefanyika. Lakini tairodi ndiyo kitu cha mwisho kuguswa. Ukiigusa kwanza unazifananisha tairi za mbele na kosa la nyuma, na siku kosa la nyuma litakapotengenezwa, mbele kutakuwa kumeharibika upya.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Upepo, kila tairi, baridi. Halafu vilivyolegea. Inua ekseli ya mbele kwa jeki, weka stendi, msilale chini ya jeki peke yake hata kwa dakika moja. Shika gurudumu juu na chini, litikise, au tia mtaimbo chini yake ulinyanyue. Likicheza, ama ni beringi ama ni kingpini, ile pini ambayo gurudumu linageukia likikata kona. Mnazitofautishaje? Mwambieni tingo akanyage breki. Breki inalifunga gurudumu na kichwa cha ekseli kuwa kitu kimoja, kwa hiyo mchezo ukipotea ni beringi, mchezo ukibaki ni kingpini na bushi zake. Kisha shika kulia na kushoto: gurudumu likicheza huku vichwa vya tairodi navyo vinacheza, umevipata. Mwingine atikise usukani kidogo kidogo huku wewe umeweka kidole kwenye kila kiungo, kuanzia kwenye boksi ya usukani. Kidole kinahisi kabla ya jicho kuona. Gari lenye kingpini iliyokufa halipimwi alaimenti. Unapima nini, wakati kipimo kinabadilika kila gurudumu likigusa shimo?

Baada ya hapo springi na yu-boliti zinazoifunga kwenye ekseli. Angalia senta boliti, ile inayopita katikati ya majani ya springi, maana ikikatika jani la springi linateleza na ekseli inaondoka mahali pake. Dalili yake ni alama ya chuma kinachong'aa pale ekseli inapokaa kwenye springi, au kutu nyekundu inayotoka kama unga. Yu-boliti zilizolegea ndizo zinazoikata senta boliti, kwa hiyo ukibadili senta boliti bila kuzikaza kwa kipimo, utarudi.

Halafu difu, halafu trela, na mwisho kabisa ndiyo mbele.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Najua anachotaka kusema, kwamba mashine ya alaimenti ya malori iko Dar es Salaam, na wengine hawana safari ya Dar. Mzee wangu, nitakuomba timazi. Timazi ile ile ya fundi mwashi, chaki, utepe wa chuma na sakafu ya zege iliyolingana. Lipeleke gari moja kwa moja bila kukata kona angalau urefu wake mara mbili, lizuie kwa magogo, kisha achia breki ili ekseli zikae bila kuvutwa. Dondosha timazi kutoka kitovu cha kila gurudumu la difu hadi chini, piga alama ya chaki. Dondosha na kutoka tundu moja la chesi kulia na lile la kushoto linalolingana nalo, mbele ya difu. Kisha liondoe gari. Sasa alama zote ziko sakafuni, unapima bila kuinama chini ya kitu chochote. Kutoka tundu hadi difu ya kwanza, kulia na kushoto, tofauti isizidi milimita 3. Difu ya kwanza hadi ya pili, mimi nataka isizidi 2. Mashine ya mwanga ni nzuri, naipenda, inakupa na nyuzi za kingpini ambazo timazi haiwezi kuzitoa. Lakini nimeona karatasi za mashine zilizopimwa gari likiwa na tairi mbili zenye upepo tofauti. Karatasi ilikuwa safi, yenye rangi, na haina maana.

Trela ni hivyo hivyo, ila kipimo kinaanzia kwenye kingpini ya trela, ile pini inayoliunganisha na kichwa cha gari. Liache trela kwenye miguu yake, limelingana, dondosha timazi kutoka kingpini, kisha kutoka kila ncha ya ekseli ya kwanza. Umbali huo, kulia na kushoto, uwe sawa, tena tofauti isizidi milimita 3. Ekseli za nyuma zipimwe kutoka ile ya kwanza. Trela nyingi zina mikono yenye nyuzi za kurekebishia upande mmoja, lakini mkirekebisha bila kuangalia bushi mtakuwa mnafukuza kipimo kila mwezi.

Kuna namna ya kujua kabla ya kupima. Mkiwa kwenye barabara iliyonyooka, tazameni vioo vyote viwili. Kama kioo kimoja kinaonyesha ubavu mzima wa trela na kingine hakionyeshi kitu, trela linatembea ubavu. Au mkiingia uwanja wenye vumbi baada ya manyunyu, nendeni moja kwa moja kisha mshuke mkatazame nyayo. Nyayo za trela zinapaswa kufuata za difu. Zikichomoza upande mmoja, mmepata jibu bila kulipa mtu.

Ila kwenye trela la ekseli tatu tuwe waangalifu kidogo, tusije tukamsingizia fundi. Likikata kona kali, linazunguka karibu na ekseli ya katikati, na zile mbili za pembeni zinaburuzwa. Ndiyo maana ya kwanza na ya tatu huisha mapema kuliko ya kati hata trela likiwa zima, hasa kwa wanaogeuza kwenye maghala yenye uwanja mdogo. Hilo si kosa la mtu, labda la aliyejenga ghala. Lakini ya kati nayo ikianza kula bega, au ekseli moja ikala upande mmoja tu, hapo pimeni.

Nimewatetea madereva sana, sasa niwageukie. Kipara mahali pamoja, kama tairi limekatwa kwa msumeno, ni gurudumu lililosimama gari likiwa linatembea. Kama liko gurudumu moja tu, breki ya hapo inakamata kabla ya wenzake, hiyo ni kazi ya gereji. Kama ziko kulia na kushoto kwenye trela zima, na trela lilikuwa tupu, basi ni mguu, au ni ile breki ya mkononi ya trela ambayo wengine mnaishuka nayo Kitonga kuanzia juu hadi chini. Gia nzito na breki ya injini ziko pale kwa ajili ya mteremko. Ubavu uliochanika na kuchubuka upande wa kushoto ni kingo za barabara na mawe, hakuna alaimenti inayofanya hivyo. Mabega ya nje ya tairi zote mbili za mbele, yaliyolika sawasawa na kiganja hakikwaruzi kokote, ni kona zilizoingiwa kwa kasi. Kwa hiyo tajiri anayedai "unakata kona vibaya" kuna wakati ana haki. Tofauti ni kwamba sasa ataweza kuonyesha wapi.

Na barabara nayo ina lake. Tunaendesha kushoto, na lami imeinamishwa kushoto ili maji yatoke. Gari zima likiachiwa usukani litaelea kushoto polepole, hivyo ndivyo lilivyo. Msilipeleke gereji kwa hilo. Mjaribu mahali palipolingana, barabara ikiwa tupu na salama, na muwe mbali na yale mabonde ya magurudumu yaliyochimbwa na malori yaliyopanda na shehena kwenye miinuko, maana mle kila gari linavuta.

Kemba, yaani gurudumu kulala ndani au nje ukilitazama kwa mbele, nitaipita haraka. Kwenye lori imetengenezwa ndani ya chuma cha ekseli, hairekebishwi kwa spana. Ikiwa imeharibika baada ya kuhakikisha kingpini na beringi ni nzima, ekseli imepinda, kwa mzigo au kwa shimo. Kuna mafundi wanaoichoma moto na kuinyoosha. Mimi sifanyi, na simshauri mtu kupanda gari la namna hiyo, kwa sababu chuma cha ekseli kikishachomwa hakirudi kilivyokuwa, na kinachoshikwa na chuma hicho ni usukani.

Mwisho tunafika kwenye tairodi. Inua mbele, zungusha kila gurudumu huku umeshikilia msumari uchore mstari mmoja katikati ya kashata. Shusha. Usipime hapo hapo, tairi zimebanwa na jeki. Sukuma gari mbele kidogo lijikae. Kisha pima kati ya mistari miwili nyuma ya tairi kwenye usawa wa kitovu, na mbele kwenye usawa ule ule. Mbele pawe pafupi kuliko nyuma, kwa malori mengi ya tairi za radiali ni milimita 1 hadi 3, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno. Kwa wenye tipa za ekseli mbili za usukani, kila ekseli inapimwa kivyake kwanza, halafu zinalinganishwa, na ile ya pili ikisahaulika itakula tairi zake na za wenzake.

Kwa wenye magari, nina ombi moja la karatasi. Muwe na daftari la tairi, kila tairi na ukurasa wake: namba yake, tarehe ya kutengenezwa iliyo ubavuni, ile ya tarakimu nne, wiki na mwaka, kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, siku lilipofungwa, wapi, na vipimo vitatu vya kina kila gari linaporudi. Dereva aandike, tajiri atie sahihi. Wote wawili, siyo mmoja.

Maswali mengine nitajibu tukiwa chini ya gari. Kuna dabo difu limeegeshwa pale kwenye zege, breki zimeachiwa na magogo yamewekwa. Dereva wake anasema linavuta kulia. Vijana wawili waje na chaki na timazi, mwingine ashike utepe. Tunaanza na difu ya nyuma.